Solo Niliyoirudisha Kisimani

Walisema sitaweza kamwe kumfanya ng'ombe anywe maji huku gitaa la umeme likinguruma kando yake. Kabla ya hapo walikuwa wamesema mengine. Kwamba mtoto wa Merti hawezi kupiga gitaa kwa sababu vidole vyake vimezoea fimbo. Kwamba akiweza, hatapata wa kumsikiliza. Kwamba akipata, watakuwa viziwi. Nilipopita na gitaa mgongoni mbele ya kibanda cha miraa cha Mama Kendi, hapa Isiolo mjini, aliwaita wateja wake waje waone. "Muangalie huyu. Wenzake wanafuata ng'ombe, yeye anabeba mlango ya kabati!"

Yote niliyaweza. Nasema bila aibu, kwa sababu unyenyekevu haujawahi kunifungulia mlango hata mmoja. Mimi ni Dida, mpiga gitaa wa roki kali na metali, fundi wa amplifaya mwenye diploma ya elektroniki, na mwenye ile nyumba ya mawe hapa Burat yenye geti la bluu ambayo mnaitumia kuelekezea watu njia. Sasa nimestaafu. Lakini ninyi vijana mnaokuja kwangu na simu zenu kuniuliza solo bora ni ipi, huwa mnajijibu wenyewe kabla sijafungua mdomo. Mnanitajia zile zile zinazotajwa na kila mtu, za vidole kukimbia kama panya juu ya bati. Leo nitawaambia habari za solo ambazo hazitajwi. Moja ni ya mwalimu wangu. Nyingine ni yangu mwenyewe, na nusura initie aibu mbele ya ng'ombe wa mjomba.

Kwanza mjue nilivyojifunza, ndipo mtaelewa kwa nini hakuna mtu Kenya hii anayevuta uzi wa gitaa kama mimi. Wakati huo hapakuwa na video za kuonyesha vidole. Palikuwa na kaseti moja ya dereva wa lori aliyepeleka unga Merti na kurudi na mbuzi. Aliiacha juu ya dashibodi, na jua letu mnalijua. Utepe ukalainika. Kuanzia siku hiyo kila sauti ndefu katika ile kaseti ilipanda na kushuka kama lori linalovuka korongo. Aliponiazima, sikujua kwamba kaseti imeharibika. Nilidhani wenyewe ng'ambo ndivyo wanavyopiga. Nikakaa nyuma ya kibanda cha Mama Kendi, nikivuta uzi na kuulegeza, nikiuvuta na kuulegeza, mpaka gitaa langu likayumba sawasawa na kaseti. Gitaa lenyewe nilibadilishana na beberu kwa kijana mmoja wa kwaya. Lilikuwa na nyuzi tano. Wa sita niliweka waya wa breki ya baiskeli, na kusema kweli ulilia vizuri kuliko wenzake.

Stima ilipotea karibu kila alasiri, kwa hiyo Mama Kendi aliniazima jenereta yake ndogo. Alikuwa mama wa Kimeru mwenye sauti ya kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya barabara, na hakutoa kitu bila masharti.

"Mafuta ni yako, jenereta ni yangu," alisema. "Na masikio ni yangu pia, usisahau. Siku moja utanipigia hii kelele mpaka nisikie ni wimbo. Hiyo ndiyo deni."

"Na nikishindwa, Mama Kendi?"

"Ukishindwa, mimi nitakuwa nimesaidia kuharibu alasiri ya watu bure."

Nairobi nilienda kusomea elektroniki. Diploma niliipata, na haikuwa ya kupewa. Ninaiweka sebuleni juu ya televisheni, ili anayetazama moja asikose nyingine. Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye gitaa, na bendi iliyonivutia iliitwa Radi Kavu, vijana wa fulana nyeusi waliopiga metali kwa sauti ya kukufungua kifua. Hawakuhitaji mpiga gitaa. Walihitaji fundi wa amplifaya. Nikaenda kama fundi. Nilipomaliza kuitengeneza niliwaambia, "Nipeni gitaa kidogo nisikie kama imepona." Ujanja huo uwekeni akilini, milango mingi hufunguka kwa anayejua kutengeneza kitasa.

Nikapiga solo ya kaseti pamoja na mayumbo yake yote. Mpiga gitaa wa pili wa bendi, mtu mrefu mpole aliyeitwa Barasa, alicheka mpaka akakaa juu ya spika.

"We kijana, hiyo ya kutetemeka hivyo nani alikufundisha?"

"Kaseti."

Nikaitoa mfukoni. Akaiweka kwenye redio, akasikiliza, akaacha kucheka. "Ndugu yangu, hii kaseti imeungua na jua. Huu wimbo hauendi hivi hata kidogo."

"Basi unaendaje?"

Akanipigia. Ulikuwa wimbo mzuri, umenyooka kama barabara ya lami. "Wangu ni mzuri zaidi," nikamwambia.

Barasa aliizima redio. "Ni kweli," akasema. "Na hilo ndilo linanikera."

Hivyo ndivyo nilivyoingia Radi Kavu, nikiwa na koleo mkono mmoja na gitaa mkono wa pili. Jifunzeni hapo: kosa ukilifanyia mazoezi ya kutosha, watu watalipa kiingilio kuja kuliona.

Sasa, Barasa. Katika kanda ya kwanza ya bendi palikuwa na wimbo kuhusu lori lililokwama matopeni. Mpiga gitaa wa kwanza alipiga solo ndefu katikati, ya kukimbia, na kila tamasha watu waliinua mikono ilipoanza. Lakini karibu na mwisho, kabla ya kiitikio kurudi mara ya mwisho, palikuwa na solo nyingine. Fupi. Ilikwisha kabla mtu hajavua viatu mlangoni mwa msikiti. Watangazaji wa redio walianza kuzungumza juu yake kila mara, kwa sababu walidhani wimbo umepumzika. Ilikuwa ya Barasa. Sauti nne zinazoshuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani akipapasa, kisha sauti moja inashikiliwa, inapanda polepole, na pale inapofika juu ndipo mwimbaji anapotamka neno lake la kwanza. Mwimbaji alisifiwa Nairobi nzima kwa namna alivyoingia. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyemshika mkono.

"Haikuumi?" nilimuuliza Barasa siku moja tukifunga vyombo.

"Nini?"

"Wewe ndiye unamwingiza, yeye ndiye anapigiwa makofi."

"Mimi napigiwa makofi pia. Ni vile anayapokea kwa niaba yangu."

Mimi sina roho kama hiyo. Mimi makofi yangu huyapokea mwenyewe. Lakini nilianza kusikiliza nyimbo za wenzetu wa ng'ambo upya, nikitafuta akina Barasa, na nikawakuta kila mahali. Solo nyingi nzuri za metali zimejificha mkiani, pale fundi wa studio anapoanza kushusha sauti ili wimbo ufifie. Ninyi hapo huwa mmeshabonyeza wimbo unaofuata. Msibonyeze. Ongezeni sauti jinsi wenyewe wanavyoishusha, na mtamsikia mtu aliyeambiwa kazi imekwisha, hakuna anayemwangalia tena, naye ndipo anapiga ya moyoni. Nyingine ni za yule mpiga gitaa wa pili ambaye hata jina lake hamlijui. Nyingine ni za polepole ndani ya wimbo wa kasi, na hizo ndizo ngumu, kwa sababu ngoma zinakusukuma mgongoni kama watu wa foleni ya maji na wewe umekataa kukimbia.

Kipimo changu ni mluzi. Zima muziki, nenda kachote maji au kafungie mbuzi, kisha jaribu kupiga mluzi ile solo. Ukiikumbuka, ni solo. Ukikumbuka tu kwamba ilikuwa na kasi, hayo yalikuwa mazoezi ya vidole. Na jambo jingine: punguzeni mkwaruzo. Mnanunua vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu, mnavifungulia mpaka mwisho, halafu mnashangaa gitaa linalia kama mashine ya kusaga. Mkwaruzo ni kama pilipili katika mchuzi wa mbuzi. Mbuzi abaki anatambulika.

Barasa alikuwa na gitaa jekundu, zito, lililochubuka pale mkono unapolala. Jioni moja alinivisha shingoni. "Nakuazima," akasema. "Utanirudishia siku utakapokuwa na solo yako mwenyewe. Isiwe ya kaseti, isiwe ya kwangu."

Nikamwambia aje alichukue wiki ijayo. Ikapita miaka ambayo siitaji idadi yake, kwa heshima yangu.

Solo yangu ilikuja kwa aibu. Ili muielewe, lazima niwarudishe Merti. Wakati wa kiangazi, Ewaso Nyiro ikikauka, watu wetu huchimba visima katika mchanga wa mto. Wanaume husimama ndani ya kisima, mmoja chini kwenye maji, mwingine juu yake, na mwingine juu yake tena, na ndoo hupanda kutoka mkono hadi mkono mpaka ifike kwenye hori la udongo. Wanaimba. Ukikosa mdundo, ndoo inamwagika juu ya kichwa cha mwenzako, na atakukumbusha jambo hilo mpaka harusini kwako. Ng'ombe wamesimama mbali wakingoja. Hori likijaa, wimbo unakatika ghafla. Kimya. Hicho kimya ndicho kinachowaita. Kundi la kwanza linasogea, linainamisha vichwa, na likishaanza kunywa ndipo wimbo unarudi. Ng'ombe wetu hawaitwi kwa jina wala kwa fimbo. Wanaitwa kwa kunyamaza.

Nilikulia ndani ya kisima cha namna hiyo, chini ya miguu ya abuya wangu Jattani. Abuya ni mjomba, kaka wa mama. Wimbo wa kisimani kwake alikuwa ameutunga mwenyewe, akimsifu ng'ombe wake mwekundu, na sauti yake ilikuwa imeniingia mifupani.

Basi siku moja jukwaani Nairobi, mpiga gitaa wa kwanza alikuwa anaumwa na solo ndefu ikaniangukia mimi. Nilianza vizuri. Kisha vidole vyangu, bila ruhusa, vikaingia katika wimbo wa abuya. Ukatoshana na ngoma kama kisu na ala yake. Nikaupandisha, ndoo baada ya ndoo, mpaka hori likajaa. Na hori lilipojaa, nilifanya anachofanya mtu yeyote wa Merti. Nikanyamaza, nikawangoja ng'ombe.

Watu wa Nairobi hawana ng'ombe wa kungoja. Njuguna, mpiga ngoma wetu, alidhani wimbo umekwisha. Akapiga matoazi yote kwa pamoja kama mtu anayeangusha sufuria, akasimama na kuinua mikono. Mwimbaji akasema, "Asanteni sana, mbarikiwe!" Na hapo ndipo mimi nikarudi na nusu ya pili ya solo, peke yangu, kwa sauti kubwa, huku wenzangu wakiwa wameinama kushukuru.

"Buda!" Njuguna alinikamata nyuma ya jukwaa. "Ulikwama ama nini?"

"Nilikuwa nangoja."

"Ukingoja nani?"

"Ng'ombe wanywe."

Kuanzia siku hiyo, kila nikichomeka gitaa, Njuguna aliniuliza kama ng'ombe wameshafika. Lakini Barasa hakucheka. Aliniambia kwamba katika kile kimya, kabla ya matoazi, alisikia ukumbi mzima umeacha kupumua. "Hiyo ni yako," akasema. "Ukiweza kuimaliza, nitalichukua gitaa langu." Tukaifanyia mazoezi, Njuguna akazoea kungoja, na ikawa solo ambayo watu walinisimamisha barabarani kunisifia.

Tulipoirekodi, fundi wa studio alikitoa kile kimya. Alisema redio haipendi kimya, wasikilizaji watadhani mitambo imeharibika. Aliunganisha kabla na baada, akashona vizuri, na ukiusikia wimbo ule leo hutajua kwamba palikuwa na mlango pale. Nilikubali kwa sababu nilitaka kusikika redioni, ingawa Barasa alikataa kuchukua gitaa lake, akasema solo hiyo bado haijakwisha. Na nilisikika. Nilisikika mpaka Merti.

Simu ikalia. "Dida!"

"Naam, abuya. Salaam aleikum."

"Waleikum salaam. Nimekusikia kwa redio. Hiyo wimbo ni yangu."

"Ni yako, abuya, nilitaka kukusifu, Kenya nzima sasa..."

"Nyamaza kwanza. Ingawa kunyamaza ndiyo imekushinda! Umechukua wimbo yangu yote, umeacha pale pa kunyamaza. Sasa ng'ombe atakuja lini? Ama huko Nairobi mnateka maji mnamwaga?"

Nilijaribu kumweleza habari za redio na mitambo. Hakutaka. Kwetu wimbo wa kisimani hauuzwi wala haupewi mtu. Unaazimwa. Ukiuchukua penye maji, utaurudisha penye maji, na mashahidi ni wale wenye kiu.

"Utakuja hapa na hiyo kitu yako ya umeme," akasema. "Utaipiga, na ng'ombe yangu watasikia. Wakikunywa, wimbo ni yako mpaka ufe. Wakikataa, usiipige tena mahali yoyote. Hata harusi. Hata bafuni."

Mnacheka. Mimi sikucheka. Hesabuni nilichokuwa nacho. Mtindo wa kuvuta uzi nilipewa na jua na kaseti ya dereva wa lori. Gitaa lilikuwa la Barasa. Umeme wa kujifunzia ulikuwa wa Mama Kendi. Ile solo ndiyo pekee iliyokuwa yangu, na sasa ilikuwa mikononi mwa ng'ombe, tena ng'ombe wa mtu anayenijua tangu nikiwa sina suruali.

Niliahirisha kama muungwana. Kulikuwa na matamasha, kisha kulikuwa na kazi ya hotelini huko Ghuba, ambako nilipiga nyimbo laini kwa watu wanaokula samaki na kupata mawe ya nyumba hii mnayoiona. Lakini niliporudi Isiolo kustaafu, visingizio vilikuwa vimekwisha, na abuya alikuwa bado hai na bado ana hasira. Mji mzima ulijua. Wauza maziwa walinipa pole. Wazee waliniambia ng'ombe wataikimbia ile sauti mpaka Kinna.

Nilikwenda kwa Mama Kendi kuomba pikapu na jenereta. Alikuwa amezeeka vizuri, na kibanda kimekuwa duka.

"Pikapu inaenda Merti na mzigo Jumamosi," akasema. "Jenereta utabebewa. Na mimi nitapanda mbele."

"Mama Kendi, barabara ni mbaya, utaumia mgongo bure."

"Deni yangu nitaenda kuchukua mwenyewe. Miaka yote hii nasikia kelele tu."

Barasa alipanda kutoka Nairobi akiwa na kofia kubwa. Alikuwa na mvi hata kwenye nyusi. Hakuwa amewahi kupita Isiolo, na tulipoiacha lami alishika ukingo wa pikapu kama mtu aliye juu ya ngamia. "Nilidhani Isiolo ndiyo mwisho wa barabara," akapaza sauti. Nikamwambia ni mwisho wa lami tu. Barabara inaanza hapa.

Merti ilikuwa kavu kama ngozi ya ngoma. Kisima cha abuya kilikuwa katikati ya mto, hori limepakwa udongo mpya, na ng'ombe wake wamesimama ukingoni, wamenusa maji na kukasirika. Abuya alikuja na fimbo yake, akaitazama jenereta, akaitazama amplifaya.

"Umekuja kusaga mahindi?"

"Nimekuja kulipa, abuya."

"Haya lipa. Lakini fanya haraka, hii zamu ni yangu peke yake, na baada yangu ni watu wa Halake. Ng'ombe yangu wakitawanyika, hawatakunywa leo."

Hapo nilifanya kosa la mtu wa jukwaani. Nilipanga spika juu ya pikapu, nikaigeuza iwaelekee wasikilizaji, yaani ng'ombe, nikapanda juu, nikatanua miguu kama tulivyokuwa tukifanya na Radi Kavu. Nikapiga sauti ya kwanza.

Mikia ikasimama. Kundi zima likageuka kama mlango unaofungwa na upepo na kupanda ukingo wa mto. Wachungaji wakapiga mbio kuwazuia. Vumbi likatufunika. Ndani ya lile vumbi nilimsikia abuya akicheka kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka mingi.

"Wasalimie Kinna!" aliwapigia kelele ng'ombe wake.

Mama Kendi alitoa kichwa dirishani. "Dida, hiyo ndiyo wimbo yenyewe ama unajaribu mashine?"

Wachungaji walifanikiwa kuwarudisha, lakini ng'ombe walisimama mbali kuliko mwanzo, masikio yameinuka. Abuya alijifuta macho. Alisema atanipa mara moja tena, kwa sababu kiu ya ng'ombe ni kubwa kuliko woga wao, lakini ni mara moja tu, na jua linapanda.

Nilikaa juu ya mchanga. Mtu asiye na diploma angepunguza sauti tu na kuomba Mungu. Mimi nilijiuliza swali la fundi: sauti ikikataliwa, inatokea wapi? Nikakitazama kisima. Wanaume wanne wa abuya walikuwa wameshaingia ndani wakingoja, naona kofia zao tu. Mmoja wao alikuwa akiimbaimba kidogo kujipasha moto, na ile sauti ilitoka ardhini, imelegea, haina uso. Ng'ombe mmoja aligeuza sikio. Maisha yao yote wimbo umewatokea chini ya ardhi. Mimi nilikuwa nimewapandia juu ya gari kama simba juu ya jiwe.

Niliteremka. Nikaipeleka jenereta mbali, nyuma ya ukingo wa mto, kwa waya mrefu, maana fundi wa kweli habebi waya mfupi. Nikaifunga spika kwa gunia kuikinga na maji, nikaomba tuishushe kwenye ile ngazi ya mchanga ambapo mtu wa pili husimama, uso wake ukitazama juu.

Abuya alikuja kuchungulia. "Unaizika?"

"Naipanda, abuya."

Nikapunguza mkwaruzo ubaki wa kutosha kuitwa metali na usitoshe kuitwa vita. Nikasimama kando ya hori, chini, kama mchungaji mwingine yeyote. Barasa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuvua kofia yake.

Wanaume wakaanza wimbo, ndoo zikaanza kupanda. Nikawaachia mizunguko michache, kisha nikaingia chini yao, taratibu. Gitaa la Barasa liliguna kutoka ndani ya mchanga kama mtu wa tano. Ng'ombe wakatikisa vichwa, lakini hawakukimbia. Nikapanda. Nikavuta uzi na kuuyumbisha jinsi ile kaseti iliyoungua ilivyonifundisha, na wale wanaume chini walipoisikia wakaongeza nguvu, wakaanza kunifukuza kwa sauti zao, nami nikawakimbia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilipiga kwa kasi bila kumwonyesha mtu vidole. Maji yakafika ukingoni mwa hori.

Nikanyamaza. Wote tukanyamaza.

Vijana, nimepiga mbele ya watu wengi, lakini sijawahi kukutana na kimya kizito namna ile. Kila kidole changu kilitaka kuendelea. Nilimsikia Njuguna kichwani akiangusha sufuria zake. Nilisikia jenereta ikikohoa mbali, na tone moja la maji likirudi kisimani. Ng'ombe hawakutikisika. Abuya hakutikisika. Nilitazama nyuzi, nikajiambia, ukigusa hata mmoja sasa umekula hasara ya maisha.

Kisha mchanga ukalia. Ng'ombe mwekundu, kitukuu wa yule aliyeimbiwa, alishuka ukingo mguu baada ya mguu, akaipita spika bila kuitazama, akanipita mimi bila kunitazama, akainamisha kichwa na kunywa. Wengine wakamfuata, wakisukumana mabega. Walipokwisha kuzamisha midomo yote, nikarudi na nusu ya pili, ile ambayo Nairobi niliwahi kuipiga kwa migongo ya watu, na ng'ombe hata mmoja hakuinua kichwa.

Nilipomaliza, abuya alipiga hori kwa fimbo yake. "Wamekunywa," akatangaza, ili watu wa Halake waliokuwa wakingoja zamu wasikie. "Wimbo ni yake." Kisha, kwa kuwa ni abuya, akaongeza, "Ulichelewa kidogo kurudi."

Mama Kendi alikuwa ameshuka kwenye pikapu, viatu mkononi. "Sasa nimesikia wimbo," akasema. "Ni pale uliponyamaza. Hiyo nimependa sana. Hiyo ingine bado ni kelele, lakini nimekusamehe." Akamtuma dereva akazime jenereta na kuipakia, nami nilikuwa nimeijaza mafuta mpaka juu na kuipangusa vumbi kabla ya kutoka Isiolo.

Nikavua gitaa jekundu. Bega langu likawa jepesi mpaka nikahisi kama nitaanguka upande. Nikamkabidhi Barasa, naye akalipokea, akapitisha kidole pale lilipochubuka, akaona jinsi nilivyopanua ule mchubuko kwa mkono wangu.

Watu wa Halake walikuwa wameanza kuteremsha ng'ombe wao. Mmoja wao alipaza sauti, "Bwana Gitaa! Zamu ni yetu sasa. Mbona mnafunga?"

Nikainua mikono mitupu kumwonyesha kwamba sina kitu tena. Dereva, akiwa na jenereta kifuani, alimtazama Mama Kendi, na Mama Kendi akamwambia airudishe pale ilipokuwa. Barasa alijivisha gitaa lake, akaja kusimama kando ya hori mahali niliposimama mimi, akakohoa kama kijana aliyekuja kujaribiwa.

"Dida," akasema, "niazime hiyo solo yako."

Nilijiegemeza kwenye pikapu, nikavuka mikono kifuani, na nikachukua muda wangu wote kujibu, kama wakopeshaji wanavyofanya.

"Chukua," nikamwambia. "Lakini pale pa kunyamaza usiharakishe. Ngoja mpaka wafike."